Mpakato Isiyopakatika

Waliibatiza mpakato.
Aliyeibatiza hakuwa na magoti kama yangu.
Mtoto hupakatwa, paka hupakatwa;
hii ya inchi kumi na nane ukiiweka mapajani
ni wewe uliyepakatwa,
na miguu hufa ganzi kabla hujaandika noti ya pili.

Sokoni Tbilisi niliipima kwenye mizani ya viazi.
Kilo tatu na robo, akasema Tsiuri,
na chaja yake, tofali jeusi lenye mkia,
kilo moja kasorobo.
"Kwa uzito huu," akasema, "ungepika nyumba nzima ikashiba."

Lakini Tsiuri hakuwepo siku ile ya baragumu.

Kazi yangu ni kunakili muziki wa okestra,
mistari ishirini na minne kwa ukurasa,
filimbi darini, besi kule chini sakafuni.
Kwa kompyuta yangu ya zamani, nyembamba kama kaki,
nyumba hiyo niliichungulia kwa tundu la ufunguo:
nikipanda kwa filimbi, fidla zinapotea,
nikishuka kwa fidla, sijui tena filimbi zinalia nini.
Ndivyo nilivyomwingiza Jumberi kipimo kimoja mapema.
Okestra imeshusha pumzi, ukumbi kimya,
na yeye, mwenye imani na karatasi yangu,
akapuliza.
Peke yake.
Kama ng'ombe aliyekosea njia akaingia harusini.
Hakunilaumu. Alifuta mdomo wa baragumu kwa leso,
polepole, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake nikakopa pesa.

Sasa nawaona wote, dari hadi sakafu,
kwa kutupa jicho mara moja. Hilo silikatai.
Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
hiki nakilalia, na nimewahesabu.
Meza ya jikoni imekwisha, sahani zimehamia dirishani,
binti yangu Eteri anakula amesimama kama farasi.
Feni hufoka kama birika lililosahauliwa motoni.
Dukani hapana mfuko wa kuitosha:
nimeshona mmoja kwa zulia la marehemu bibi,
na fundi cherehani, akinipima koti, akauliza
tangu lini bega la kushoto limeshuka.

Garimoshi la Batumi, meza zake ni upana wa kisahani cha kikombe.
Nilifungua, kioo kikagonga kiti cha mbele;
abiria akageuka, nikaomba radhi,
nikasogeza, kikagonga tena, hakugeuka,
na hilo lilikuwa baya zaidi.
Soketi ya behewa ilikuwa pambo tu.
Dakika arobaini. Kabla ya Khashuri betri ikakata roho
katikati ya kipimo cha themanini na mbili.
Ng'ambo yangu kijana mmoja, na kidude chake cha viganja viwili,
akachapa safari nzima bila waya,
nami nikabaki na dirisha la pili, jeusi,
milima ikirudi nyuma ndani yake
na uso wangu mkubwa kuliko nilivyoomba.

Nikatoa penseli.

Batumi, chumba cha mazoezi, umeme upo.
Jumberi akasimama nyuma ya kiti changu,
koti lake bado linachuruzika mvua.
Hakuinama, hakutafuta miwani.
Akasoma kimya chake: vipimo thelathini na vitatu,
kisha noti moja, chini ya filimbi, juu ya ngoma.
"Hapo," akasema, kidole karibu kiguse kioo. "Na kabla yake nangoja?"
"Ngoja."
Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta kiti.

Usiku nikaifunga, nikaviringisha waya.
Ngazini nikasita kidogo,
kisha nikaitundika bega la kulia.